Tarehe ya Kurudisha

Karanga nilizonunua stendi ya Mpwapwa
zilifungwa kwa karatasi ya manjano.
Nilizila zote kwa pupa, basi linachelewa,
ndipo nikaona mistari,
na muhuri wa zambarau: IRUDISHWE KABLA YA.

Naujua muhuri ule.
Bi Damari Chilewa aliupiga mara mbili,
kwanza kwenye gazeti kuukuu, kupunguza wino,
kisha nyuma ya jalada.
To. To.
Kama mtu anayejibishia hodi mlangoni kwake.

Namba ya mkopaji kwake haikutosha,
aliandika na jina. Ndiyo maana niliweza kusoma,
kupitia mafuta ya karanga:
Tabita Masaka, mwaka wa mvua nyingi.
Yoramu, fundi cherehani, kachelewa siku nne.
Eliakimu Mbogoni.
Eliakimu Mbogoni tena.
Eliakimu Mbogoni, mara ya tatu, kwa penseli.

Kitabu kilikuwa cha ufugaji wa nyuki.
Na mji mzima ulijua Eliakimu hakuwa na mzinga
hata mmoja.
Alisema nyuki wanamtuliza.

Basi likaondoka bila mimi.

Pale ilipokuwa maktaba pana marumaru,
kiyoyozi, na vishikwambi ishirini
vimefungwa mnyororo mezani kama mbuzi wa mnadani.
Kijana wa mapokezi, mpole kweli, akanipa nywila.
"Humu mna vitabu elfu arobaini, mama."
Sikumbishia. Elfu arobaini si haba
kwa mji ambao niliulilia kamusi moja, foleni ya wiki mbili.
Nikaandika: nyuki.
Majibu mia tatu na sita, kabla sijapumua.
Nikafungua la kwanza, nikatafuta pembezoni
penseli ya mtu, doa la chai,
unywele, mchanga wa kiangazi katikati ya kurasa.
Kweupe.
Hakuna aliyenitangulia humo,
na nikitoka, hakuna atakayejua nilipita.

Mchwa tuliwashinda.
Tulipaka miguu ya rafu mafuta ya taa, sisi watoto,
kila Jumamosi, tukilipwa kwa kuazimishwa kitabu cha ziada.
Vumbi tulilishinda kwa kanga zilizochanika.
Barua ya aya mbili hatukuishinda:
vitabu chakavu viondolewe, chumba kipishwe.

Hatukuishinda, nasema, kana kwamba nilikuwepo.
Sikuwepo. Miaka kumi na saba sikukanyaga pale.
Nilikuwa nasoma habari fupi fupi kwenye simu,
nikisema nitapita, nikipita nitapita.
Rafu hazikuuawa na mgeni.

Nikapanda Ving'hawe kwa miguu.
"Mbukwa," nikaita uani.
Akanitambua kwa sauti, macho yamekwisha ukungu.
Jikoni kwake zimesimama droo za katalogi,
zile ndogo za mninga, zenye vishikizo vya shaba.
Alizikomboa kwa pensheni ya mwezi.
Ndani, mbegu.
C, choroko. K, karanga, kisha kunde.
M, maboga, kisha mlenda. U, uwele.
Akaona navuta moja nikiisukuma vibaya:
"Mpaka mwisho, mwanangu. Usinivurugie."

"Vilichomwa?" nikauliza.
"Viliuzwa kwa kilo. Shilingi mia tatu."
Akapepeta ungo mara moja, mbili.
"Vyenye jalada gumu walitoa mia mbili na hamsini,
maana jalada halifungi karanga."

Nikampa ile karatasi.
Hakuhitaji macho. Akapitisha kidole gumba
juu ya muhuri, akakinusa,
akainyoosha gotini kama anayepiga pasi sare ya shule.
Kimya kirefu. Kuku alipita.
Kisha akainuka, akahesabu droo kwa kupapasa,
akafungua N, iliyokuwa tupu,
akailaza humo.

"Eliakimu tulimzika Machi," akasema.
Akakaa, akauvuta ungo.
"Hizo karanga,
zilikuwa na chumvi ya kutosha?"